Mwezi Aliouona Lalla Zhor

Hapa Tamlilt, mji wetu wa mlimani, ukitaka kumjua mtu, usiwaulize majirani zake, waulize wanawake wa hamamu, bafu letu la maji moto. Mimi nimekalia kiti cha mlangoni pa hamamu ya juu tangu nikiwa msichana, nikipokea ndoo, viatu na siri za watu. Itto nilimjua siku aliyokuja kuanza kazi ya kusugua, akiwa mwembamba, mwenye mikono mirefu na maneno machache. Wasuguaji wengine hukusugua mgongo huku wakikusengenyea mji mzima. Itto alikusugua kimya mpaka uchafu wa majira yote ya baridi ukutoke, kisha alikupiga kofi dogo la bega, maana yake geuka.

Mumewe, Bassu, alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye tanuri, akitia kuni na maganda ya lozi ili sakafu na maji yetu yapate moto. Kwa hiyo walifanya kazi moja na ukuta katikati. Maji yakipoa, Itto aligonga ukuta kwa ndoo mara mbili. Yakizidi moto, aligonga mara moja. Hawakujaliwa mtoto, na wapo waliosema Bassu angeoa mke mwingine. Niliwaambia mtu anayegongewa ukuta kutwa nzima na bado anaitika hana nafasi ya mke wa pili.

Mbio za mji wetu ni za nusu marathoni, mara moja kwa mwaka, wakati lozi zinatoa maua na mlima bado una theluji. Zinaanzia uwanjani mbele ya hamamu, zinapanda barabara ya msitu wa mierezi mpaka kwenye jiwe kubwa jeupe, zinalizunguka, zinarudi. Mwaka mmoja Itto alikuwa amesimama mlangoni kwangu na jagi la maji. Alipita kijana mmoja ametoa ulimi nje, akaomba maji, lakini hakutaka kusimama. Itto akamfuata na jagi. Hakurudi. Tulisikia Bassu akigonga ukuta kutoka kwake, jambo ambalo halikuwa kawaida, na mwisho alitoka nje mweusi kwa masizi.

Itto alipotokea, ndala mkononi, Bassu alimuuliza, "Ulikuwa wapi, mwanamke?"

"Nilikuwa nampa mtu maji."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwa wapasua mbao."

Bassu akapiga hesabu ya njia kichwani, akamtazama mkewe kama anayemwona upya. "Na alikunywa?"

"Alikunywa. Ila ana mwendo mbaya, anarusha miguu."

"Basi mwakani," alisema Bassu, "usichukue jagi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Itto alikuwa tayari ameshavuka miaka arobaini. Kila alfajiri, kabla ya hamamu kufunguliwa, alikimbia barabara ya msitu kwa suruali chini ya gauni na kitambaa kichwani, na Bassu mbele yake juu ya pikipiki ndogo kuukuu iliyokohoa kuliko ilivyotembea. Shingoni Bassu alining'iniza saa ya walimu wa michezo, ile yenye vitufe viwili. Kimoja kinaanzisha na kusimamisha, kingine kinafuta kila kitu. Hakuruhusu mtu kuigusa. Watu wa sokoni nao hawakunyamaza.

"Itto! Unamkimbia nani?"

"Mume wangu!"

"Mbona yuko mbele yako?"

"Nimeshamzunguka mara moja!"

Alikuwa na lengo moja tu, nalo hakulificha: kumaliza mbio chini ya saa mbili. Hakuwahi kutaka kumshinda mtu. Wasichana wa chuo walimpita kama upepo na akawaombea heri. Alishindana na Itto wa mwaka uliopita, na kila mwaka alimshinda kidogo, mpaka ile saa mbili ikawa karibu kama mlango wa jirani.

Siku ya mbio Bassu hakumfuata kwa pikipiki. Alikuwa na kazi yake. Alikaa kwenye jiwe jeupe na kapu la nyuzi nyekundu za sufi, akimfunga uzi mkononi kila aliyelizunguka, ili asitokee mjanja wa kugeuka katikati ya msitu na kurudi akijidai ameshinda. Bila uzi hukuhesabiwa.

Mwaka jana Itto alifika pale jiweni akiwa anakwenda kasi kuliko siku zote. Kulikuwa na msongamano, watu wanavuta pumzi, watu wanatapika. Akageuka mbele ya jiwe na kunyosha mkono. Haya alinisimulia mwenyewe, na Bassu naye akanisimulia, na hawakutofautiana hata neno.

"Zunguka," alisema Bassu.

"Nimefika, Bassu!"

"Umefika mbele ya jiwe. Pita nyuma yake."

"Ni hatua kumi!"

"Basi hazitakuchosha."

Akazunguka, akasukumana na watu, akafungwa uzi, akarudi mjini akikimbia na kulia kwa hasira. Alizidisha saa mbili kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Hatua kumi zile na msongamano ule ndizo zilizomla.

Siku tatu hakumsemesha mumewe. Tuliopata tabu ni sisi, maana hakugonga ukuta, na Bassu kule nyuma alitia kuni kwa kubahatisha. Leo wanawake wanatoka wekundu kama wamechemshwa, kesho wanatetemeka. Siku ya nne nilisikia ndoo ikigonga mara mbili, nikamshukuru Mungu. Jioni Bassu alisema mbele yangu, huku akinawa masizi, "Nikikufungia uzi bila jiwe, Itto, utakuwa umevaa uzi tu." Itto akampa taulo.

Kisha likaja suala la goti. Ukisugua watu miaka na miaka umepiga magoti juu ya sakafu ya mawe, goti linalika. Daktari wa zahanati alimwonyesha picha na kumwambia kwamba mbio ndefu moja anaweza, baada ya hapo achague baina ya kukimbia na kutembea. Bassu alimwambia moja inatosha. Walikubaliana iwe mbio za mwaka huu, na safari hii atazunguka jiwe kwa mbali, hata kondoo wapite katikati.

Bassu alikufa siku ya kwanza ya Mfunguo Saba, mchana, kazini. Nilikuwa mlangoni. Nilisikia Itto akigonga ukuta mara mbili. Kimya. Akagonga tena mara mbili. Mwanamke mmoja akasema kwa mzaha, "Amelala mumeo huyo," na wengine wakacheka. Itto akagonga mara ya tatu, kwa nguvu, kisha nikamwona anapita mbele yangu na kanga ya kazi iliyolowa, miguu mitupu, anazunguka jengo kwenda nyuma. Alimkuta amekaa ameegemea magunia ya maganda ya lozi, moto ukiwa bado unawaka. Sauti zile za ndoo bado nazisikia, na sidhani zitanitoka.

Basi akaingia eda. Kwetu mjane havai nyeusi, huvaa nyeupe tupu, jalaba, shungi, mpaka soksi, miezi minne na siku kumi, na hatoki ila kwa dharura. Alikaa kwake, vyumba viwili vya juu na, mbele yake, dari wazi ya kuanikia nguo. Sisi tulimpelekea supu na kuskusi ya shayiri. Nilidhani atakonda na kulala tu. Wiki chache zikapita, Lalla Zhor akaja kwangu amefura.

Lalla ndivyo tunavyomwita mwanamke tunayemheshimu, hata kama anatuudhi, na Lalla Zhor alituudhi tangu ujana wake. Anakaa chumba kilicho chini ya dari ile ya Itto. Wahenga husema macho hayana pazia, lakini ya Lalla Zhor yalikuwa na mapazia mawili, mtoto wa jicho kulia na kushoto, na kuyapasua hataki, anasema Mungu akitaka aone atamwonyesha.

"Rabha," aliniambia, "mwambie mwenzako aliyekufa ni mumewe, si mimi. Asinizike kwa miguu."

"Amefanya nini?"

"Anakimbia! Juu ya kichwa changu! Alfajiri yote, tu tu tu tu, anazunguka darini kama punda wa kinu. Chokaa inaniingia kwenye chai."

Nilipanda kumwona. Kweli, alikuwa anazunguka katikati ya kamba za nguo, jalaba jeupe amelikunja kiunoni, uso mkavu. Aliniambia bila kusimama, "Rabha, mbio ziko pale pale. Eda itaisha kabla." Lalla Zhor alipeleka mashtaka kwa Maalim Lahbib, anayesalisha msikiti wetu, na Maalim akamjibu kwamba kuzunguka juu ya dari yako mwenyewe siyo kutoka nyumbani. Lalla Zhor akarudi ameshindwa, na akawa anapiga dari kwa ufagio. Halafu asubuhi moja Itto alipumzisha goti, na ufagio ukapiga vile vile. Itto akachungulia chini.

"Nini tena, Lalla? Sijakimbia."

"Ndiyo nauliza! Unaumwa? Kwa nini hukimbii?"

Tangu siku hiyo waliafikiana. Bibi yule alipanda ngazi kwa kupapasa na kukaa juu ya pipa na bilauri ya chai ya mnanaa, akimsikiliza Itto akizunguka, na akimfokea akichelewa kuinua miguu.

Sasa hesabu. Eda hufuata mwezi mwandamo, haifuati kalenda ya ukutani. Bassu alikufa mwezi mosi, kwa hiyo hata mimi niliweza kuhesabu: miezi minne iishe, halafu tuingie Shaabani mpaka siku ya kumi, jua likizama Itto yuko huru. Mbio zilipangwa Jumapili asubuhi. Mwezi wa Shaabani ukionekana Jumatano ya wiki iliyotangulia, eda ingeisha Jumamosi magharibi, mkesha wa mbio. Usipoonekana, Rajabu inatimiza thelathini, na eda ingeisha Jumapili magharibi, washindi wakiwa wameshapewa vikombe na kwenda kula. Yote yalitegemea mwezi ule mmoja.

Jumatano ile tulijaa darini kwa Itto, wanawake wa hamamu karibu wote, tukitazama magharibi. Mawingu yalikuwa mazito juu ya mlima. Jua lilitua nyuma yake bila hata wekundu. Tulingoja mpaka shingo zikatuuma. Itto alisimama kando, mkono juu ya kamba ya nguo. Baadaye redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana popote nchini.

Hapo Lalla Zhor akasema, "Mimi nimeuona."

Sote tukamgeukia.

"Mnanitazama nini? Nimeuona. Mwembamba, pale juu ya mwerezi. Nyie mlikuwa mnapiga soga."

Asubuhi yake alinitaka nimpeleke kwa Maalim akatoe ushahidi. Nilimpeleka. Alinishika kiwiko njia nzima asije akatumbukia mfereji, na akakanyaga paka, huku akinieleza jinsi mwezi ulivyokuwa. Maalim alikuwa ameketi kwenye ngazi za msikiti. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umeuona kwa macho gani, Lalla?"

"Haya aliyonipa Mungu."

"Allah akubariki. Na mkononi nimeshika nini?"

Lalla Zhor si mjinga. Maalim huyu mkononi mwake hakukosi tasbihi. "Tasbihi," akasema upesi.

"Ni mswaki, Lalla."

"Mwezi ni mkubwa kuliko mswaki!"

Nilijiziba mdomo kwa shungi. Maalim hakucheka. Aliuweka mswaki mfukoni, na niliona kuwa jambo lile linamuuma, maana Bassu alikuwa rafiki yake. "Mimi sina mwezi mwingine wa kumpa," alisema. "Redio imetangaza, nami sikuona kitu. Lakini wewe unasema umeona, na sitasimama uwanjani kumzuia mjane. Mpelekee Itto ushahidi wako. Akiukubali, ni baina yake na Mola wake."

Basi tukampelekea. Na wanawake, mnatujua, tulimwandama siku zote zilizofuata. Tulimwambia Itto kwamba Lalla Zhor ni mtu mzima aliyehiji, ushahidi wake hautupwi. Tulimwambia ni usiku mmoja tu, eda gani inaharibiwa na usiku mmoja. Tulimwambia goti halitangoja mwakani. Mimi nilisema kuliko wote. Nilitaka akimbie. Nilikwisha kumfulia kitambaa cha kichwa na kukikunja. Itto alisikiliza na kuendelea kuzunguka dari, tu tu tu tu, na hatukujua anawaza nini.

Jumamosi alasiri, mkesha wa mbio, akatuita, mimi na Lalla Zhor. Uwanjani chini walikuwa wanafunga bendera na kupanga meza za maji. Alimmiminia bibi chai, akamshikisha bilauri mkononi.

"Umenifanyia wema, Lalla. Sitausahau."

"Basi vaa viatu."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini? Nimeuona!"

"Bassu alinirudisha kwa hatua kumi," alisema Itto. "Watu wote walikuwepo, mimi ni mkewe, na alinirudisha. Sasa nimkatie yeye siku nzima?"

Lalla Zhor akapapasa mpaka akapata goti la Itto, lile bovu, akaweka mkono juu yake. "Bassu amekufa, mwanangu. Hawezi kukurudisha tena."

"Ndiyo maana," alisema Itto. "Inabidi nijirudishe mwenyewe."

Bibi akaanza kulia na kutukana kwa pamoja, kama kawaida yake. Mimi nilimuuliza Itto, "Na mbio?"

"Nitakimbia Jumatatu."

"Jumatatu hakuna mbio, Itto."

"Barabara ipo."

Nasema kweli, nilikasirika. Nilishuka ngazi bila kumuaga. Niliona ni ukaidi, niliona maiti anamnyang'anya aliye hai kitu chake cha mwisho. Jumapili asubuhi nilikaa kwenye kiti changu nimenuna, bunduki ikalia, wakaondoka. Nilipoinua macho nilimwona darini, mweupe pe pe pe, amesimama wima, na Lalla Zhor pembeni yake juu ya pipa. Wakimbiaji waliomjua walimwinulia mikono, naye akawainulia mmoja mmoja. Msichana mmoja wa chuo alisimama kabisa, akaweka mkono kifuani, akainama, kisha akaendelea. Hasira ikaniisha pale pale, ikabaki huzuni. Saa mbili zilipotimia kwenye saa kubwa ya uwanjani alikuwa bado amesimama, anaitazama, mpaka ikazipita.

Mchana Maalim Lahbib alikuja kuniomba ufunguo wa pikipiki ya Bassu, iliyokuwa imelala kwenye ghala la kuni. Nilidhani anakwenda kuhani mahali. Nilimpa na kumwonya kuwa breki hazipo.

Jua lilipozama nikafungua hamamu kwa ajili ya Itto peke yake. Mjane akimaliza eda huoga hamamu, huvua nyeupe, huvaa rangi. Alipoingia aliweka unyayo juu ya sakafu na kusimama kidogo. Mtia kuni mpya ni kijana mzuri, ana bidii, lakini moto wake huja kwa vipande, hapa unaunguza, pale baridi. Nilimpaka sabuni nyeusi, nikavaa glovu, nikamsugua mimi, mpokea ndoo, yeye aliyesugua mji mzima. Nilimsugua vibaya, najua. Maji yakapoa katikati. Alinyosha mkono akachukua ndoo, akaiinua kuelekea ukutani, mkono ukabaki hewani. Kisha akaiweka chini taratibu.

"Tumalizie na hayo hayo," alisema.

Alitoka amevaa kijani.

Jumatatu, baada ya swala ya alfajiri, tulikuwa watatu uwanjani. Bendera zilikuwa zimeshateremshwa, vikombe vya karatasi vinapeperuka. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na harufu ya maua ya lozi imechanganyika na moshi wetu. Itto alivua saa ya Bassu shingoni. Nilinyosha mkono, lakini Lalla Zhor alishaidaka.

"Mimi ndiye ninayeshika."

"Lalla," nilimwambia, "na hivyo vitufe je?"

"Umenisikia? Mwezi wangu mmeukataa, basi mimi ndiye ninayeshika saa."

Itto akachukua kidole gumba cha bibi, akakiweka mahali pake. "Hiki, Lalla. Kingine usikiguse."

"Nenda! Unanipotezea muda!"

Kikalia, tik. Itto akaondoka. Hakuna bunduki, hakuna kelele, viatu tu juu ya lami, kisha ukungu ukamfunika. Mimi simu yangu ilikuwa ndani inachajiwa, na sikuifuata, kwa kuwa saa ilikuwepo na nilikuwa na kazi ya kuwasha chai. Lalla Zhor alikaa kwenye kiti changu, ile saa ameikumbatia kwa mikono miwili kama kifaranga, midomo inacheza. Nilidhani anahesabu, kumbe anasoma Yasini. Alipomaliza akairudia. Wanawake wa zamu ya asubuhi wakaja, wakasikia habari, hawakuingia ndani. Wakakaa kwenye ngazi na ndoo zao mapajani. Jua likapanda, ukungu ukaondoka, chai ikapoa. Sikumbuki kuogopa vile siku yoyote, nilijua goti lile na nilijua njia ile.

"Anakuja," alisema Lalla Zhor.

Sisi wenye macho hatukuona kitu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza miguu aliyoizoea juu ya dari yake. Punde tukamwona kwenye kona ya barabara ya msitu, anachechemea, mguu mmoja anaukimbiza na mwingine anauburuta, lakini anakuja, mdomo wazi, uso umejaa chumvi. Tuliinuka wote. Mtu mmoja akapiga vigelegele, vikatukamata sote, wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, Jumatatu asubuhi, kwa mbio zisizokuwepo. Itto akavuka mstari wa chokaa uliobaki jana. Na Lalla Zhor, kwa furaha, akabonyeza kila kilichoweza kubonyezwa.

Itto aliniangukia. Nilimshika, na hapo nikaona kwenye kifundo cha mkono wake uzi mwekundu wa sufi.

"Nani...?"

"Maalim," alisema, pumzi zikimkata. "Amekaa juu ya jiwe. Kasali alfajiri huko huko. Akaniambia zunguka."

Nikamgeukia Lalla Zhor kuchukua saa. Masufuri matupu. Miaka yote ile, goti lile, siku ile aliyoiacha ipite mbele ya macho yake, vyote vimefutwa kwa kidole gumba. Bibi aliusikia ukimya wangu, akainyakua saa tena.

"Nimeona," alisema kwa sauti kubwa. "Chini ya saa mbili."

Itto alijiweka sawa, akamsogelea, akaufungua mkono ule wa kizee na kuitazama saa. Aliitazama kwa muda mrefu. Niliogopa angepiga kelele.

"Umeona kwa macho gani, Lalla?"

"Haya aliyonipa Mungu," alisema Lalla Zhor, na kidevu chake kikatetemeka.

Itto akavifunga vidole vya bibi juu ya saa, kimoja kimoja. "Basi nimekubali," alisema. Akakaa chini kwenye kizingiti cha hamamu, akauweka ule mkono wenye uzi juu ya uso wake, akalia. Tangu siku ya tanuri hatukuwahi kumwona akilia. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Bado analia, tukasikia kikohozi cha pikipiki. Maalim Lahbib alikuwa anateremka na kapu tupu mgongoni, miguu ameiburuta chini kwa sababu ya breki. Akasimama mbele yetu. Akamtazama Itto, akatutazama sisi.

"Muda gani?" aliuliza.

"Chini ya saa mbili," alisema Itto. "Lalla Zhor ameuona."

Maalim akamgeukia bibi. Bibi akakaza ngumi yake juu ya ile saa na kuinua uso, yale macho yake meupe yakimwelekea moja kwa moja, tayari kwa vita. Maalim akazima injini.

"Basi umeonekana," alisema. Akashuka, akaisukuma pikipiki mpaka nyuma ya jengo, akaiegemeza kwenye ukuta wa tanuri.